Trekta ndogo za Kijapani zilizotumika: ikitetema kwenye fowili, usikimbilie kulaumu difu

Kwa mashamba ya Nyanda za Juu Kusini, trekta ndogo ya Kijapani iliyotumika, ya nguvu za farasi 15 hadi 30, ni mashine nzuri kuliko inavyosifiwa. Ni nyembamba, inapita katikati ya mistari ya kahawa kule Mbozi, inageuka kwenye kona za mashamba ya viazi Umalila na Njombe, na uzito wake haufiki hata nusu ya trekta kubwa, kwa hiyo haishindilii udongo sana. Injini zake za dizeli ni za kawaida ambazo fundi wa hapa anazielewa. Ninazipendekeza bila kusita, ila kwa sharti moja: fowili, yaani mfumo unaofanya matairi ya mbele nayo yaendeshwe na injini, ijaribiwe sawasawa kabla fedha haijatoka mfukoni.

Fowili ndiyo inayoongeza bei, na ndiyo inayomchanganya mnunuzi. Trekta inasogezwa uwanjani, lever ya fowili inawekwa, sakafu inaanza kutetema mpaka miguuni, na hapo hapo mtu anatamka kwamba difu ya mbele, yaani gia zinazogawa mzunguko kati ya tairi la kushoto na la kulia, imekufa. Mara nyingi si kweli. Kinachotetemesha trekta hizi zaidi ni matairi yasiyolingana, na ekseli ya mbele hufunguliwa bure, sili zikaharibika wakati wa kufungua, kisha mtetemo ukabaki palepale.

Kwanza hakikisha unayoitazama ina fowili kweli. Kwa Kubota nyingi za zamani, herufi DT mwishoni mwa jina la modeli ndizo zinazoonyesha hivyo. Kwa Yanmar za mfululizo wa YM ni herufi D. Lebo zake nyingi ni za Kijapani: alama 入 maana yake imewekwa, na 切 maana yake imetolewa. Ukiona 倍速, trekta hiyo ina mfumo wa kuongeza kasi ya matairi ya mbele wakati wa kukata kona kali, karibu mara mbili ya kawaida. Kwenye ardhi ngumu mfumo huo unakwangua tairi na kutikisa usukani. Wengi wamedhani ni ubovu. Uzime kwanza, ndipo uendelee kupima.

Ili upime vizuri, inabidi uelewe trekta hizi zimejengwaje. Hakuna difu katikati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Ukishaweka fowili, mbele na nyuma zimefungwa pamoja kwa meno ya gia, na mtengenezaji amepanga matairi ya mbele yaende mbio kidogo kuliko ya nyuma, asilimia 1 hadi 5 hivi, ili yavute badala ya kuburuzwa. Shambani, udongo uliolimwa unaruhusu tofauti hiyo ipotee kwa tairi kuteleza kidogo. Kwenye sakafu ya zege au barabara ya lami haina pa kupotelea. Shafti hujinyonga, tairi moja linaachia ghafla, mfumo unalegea, halafu unaanza kujinyonga upya. Kule kuachia na kukamata ndiko kunakosikika kama mtetemo. Trekta nzima kabisa itafanya hivyo kwenye lami, kwa hiyo jaribio la fowili lililofanyika kwenye uwanja wa zege halina thamani yoyote. Ukiona lever inagoma kutoka, rudi nyuma mita chache kwa mstari ulionyooka. Mfumo utalegea na lever itatoka yenyewe.

Kwa hiyo jaribio lina mpangilio wake. Trekta ikiwa imesimama, gia frii, pandisha mzunguko wa injini taratibu toka chini hadi juu. Kama inatetema hapo, tatizo liko kwenye injini, mipira ya kuishikilia, feni au klachi, na fowili haihusiki. Fanya hivyo tena huku shafti ya PTO, ile ya kuzungushia zana, ikizunguka bila rotaveta (jembe la kuzunguka) kufungwa. Ukimaliza, iendeshe kwenye barabara ya udongo ulioshindiliwa, fowili ikiwa imetolewa, kwa mwendo wa kilomita 10 hadi 12 kwa saa. Badilisha gia huku ukibaki kwenye mwendo uleule, ili mzunguko wa injini ubadilike na wa matairi usibadilike. Mtetemo unaofuata mwendo wa trekta badala ya injini unatoka kwenye matairi, ringi au shafti. Kanyaga klachi trekta ikiwa inatembea: mtetemo ukibaki, umethibitisha.

Hapa kuna jambo ambalo mafundi wengi hulipita. Kwenye trekta nyingi za aina hii, fowili inakatwa ndani ya gia boksi. Ukiitoa, shafti ya kwenda mbele haisimami; matairi ya mbele yanaendelea kuizungusha, ila haina mzigo. Maana yake, mtetemo uliopo fowili ikiwa ndani na ikiwa nje unaelekea kwenye tairi, ringi, au shafti iliyopinda. Mtetemo unaokuja fowili ikiwa ndani tu unaelekea kwenye tofauti ya mwendo kati ya mbele na nyuma, au kwenye meno yaliyolika ambayo hugonga yakipata mzigo.

Sikiliza pia kasi ya mtetemo wenyewe. Tairi la nyuma lenye mzunguko wa mita 3.3, kwa kilomita 12 kwa saa, linazunguka mara moja tu kwa sekunde. La mbele lenye mzunguko wa mita 2 linazunguka chini ya mara mbili. Kwa hiyo ringi iliyopinda, au tairi lililobonyea upande mmoja kwa kusimama muda mrefu, inatoa mdundo wa polepole unaoweza kuuhesabu kwa kidole. Shafti huzunguka mara nyingi kwa kila mzunguko mmoja wa tairi, na mtetemo wake ni wa haraka, kama mvumo. Kashata za tairi, yale meno yake ya mpira, zipo katikati: zinanguruma, na mngurumo unapungua ukiingia kwenye udongo laini. Trekta zilizotoka kwenye mpunga wa Usangu zikiwa na matairi ya kashata ndefu zitanguruma sana kwenye barabara ngumu hata zikiwa mpya. Huo si ubovu.

Sasa ingia kwenye shamba lililolimwa, weka fowili, nenda moja kwa moja. Kama mtetemo uliokuwa ukisikika kwenye ardhi ngumu fowili ikiwa ndani umepotea, tatizo ni matairi kutolingana au ardhi ngumu tu kutosamehe. Kama umebaki, au umezidi unapokokota plau, kuna kitu kimelika.

Kulingana kwa matairi kunapimwa, hakukisiwi kwa macho. Jaza upepo kwanza kwa kipimo kilichochapwa ubavuni mwa tairi au kwenye kitabu, pande zote mbili sawa. Weka alama ya chaki kwenye tairi moja la nyuma na moja la mbele. Fowili ikiwa nje, nenda polepole kwa mstari ulionyooka mpaka la nyuma limalize mizunguko 10, huku mtu wa pili akihesabu la mbele. Asiishie kwenye mizunguko kamili tu; ahesabu na kashata zilizozidi, kwa sababu tairi lenye kashata 20 kila upande, kashata moja ni sehemu ya 20 ya mzunguko. Rudia ukiwa umeweka fowili, kwenye udongo laini. Tuseme bila fowili umepata 16.0 na ukiwa na fowili 16.5: tofauti ni 0.5, igawanye kwa 16.0, ni asilimia 3.1. Hiyo ni afya. Ikizidi 5, mbele inasukumana na nyuma mno. Matairi ya mbele yanakwisha haraka na meno yanabeba mzigo ambao si wake. Ikiwa sifuri au chini ya hapo, mbele inaburuzwa, inafanya kazi ya breki, na ndipo mgongano unasikika hata kwenye udongo wa wastani.

Sababu kubwa ya kuharibika kwa hesabu hiyo hapa kwetu ni kubadilisha matairi ya nyuma kwa yaliyopatikana. Trekta ilikuja na 11.2-24, mtu akakuta 12.4-24, ringi ni ileile ya inchi 24, tairi linaingia bila shida, na mwenye trekta anafurahi kwa kuwa ni pana zaidi. Lakini kipenyo kimeongezeka takriban inchi 2 juu ya inchi 44, yaani kama asilimia 4 au 5, na kutangulia kote kwa mbele kumemezwa. Kuweka matairi mapya nyuma na kuacha mbele yaliyokwisha kunaleta shida hiyohiyo, kwa kiasi kidogo. Kinyume chake, mbele mapya na nyuma vipara, mbele inatangulia kupita kiasi. Ukikuta umevuka ile asilimia 5 kidogo tu, kupunguza upepo wa mbele ndani ya kipimo kinachoruhusiwa kunashusha asilimia kidogo, na hiyo ni tiba isiyogharimu kitu. Ukivuka kwa mengi, dawa ni kununua matairi ya saizi iliyoandikwa kwenye kitabu. Nawaomba wanunuzi walichukulie hili kwa uzito: tairi lisilolingana linaua meno ya gia ya mbele polepole, na meno hayo hayapatikani sokoni Mwanjelwa, Mbeya, kirahisi kama tairi.

Matairi yakishaonekana mazima na mtetemo bado upo, ndipo jeki inapoingia. Zima injini, weka frii, zuia matairi ya nyuma mbele na nyuma kwa magogo au mawe, inua ekseli ya mbele na uikalishe kwenye stendi imara, si kwenye jeki peke yake. Usiwashe injini na kuweka gia katika hali hiyo, fowili iwe ndani au nje. Matairi ya nyuma yapo chini, na trekta itashuka kwenye stendi na kukuponda. Fowili ikiwa imewekwa, zungusha tairi moja la mbele kwa mkono: la pili litazunguka kinyume, ndivyo difu inavyofanya kazi. Mwambie mwenzako alishikilie hilo la pili, kisha lisukume lako mbele na nyuma uone linacheza kiasi gani kabla ya kukamata. Legeza bomba linalofunika shafti, uitazame. Tairi likicheza na shafti imetulia, uchakavu uko ndani ya ekseli. Shafti ikizunguka kidogo kabla ya kugusa, uchakavu uko kwenye kapilingi zake, yaani viungio vya ncha zake, au nyuma kwenye gia boksi.

Kapilingi hizo zina meno kwa ndani na hushikwa kwa pini. Kwa trekta iliyofanya kazi kwenye maji, mpira wa kuziba bomba ukishapasuka, tope linaingia, grisi inaoshwa, meno yanaliwa na kutu. Hili ndilo eneo la pili kwa kutetemesha trekta, na ni rahisi kulitengeneza: kapilingi mpya, pini mpya, grisi ya kutosha, mpira mpya. Usichomelee meno yaliyokwisha. Kuchomelea kunaondoa mchezo wa shafti kuteleza mbele na nyuma ekseli inapoyumba, na mzigo wote unahamia kwenye beringi. Kwa trekta ambazo shafti yake ina krosi mbili, yaani viungio vya msalaba, angalia kama uma za ncha zote mbili zimekaa usawa mmoja. Fundi akirudisha shafti ikiwa imepishana, itatetema hata krosi zikiwa mpya. Angalia pia kama kuna waya au nyasi zilizojizungusha.

Shika ekseli, uisukume mbele na nyuma, kisha juu na chini kwenye pini ya katikati inayoifanya iyumbe. Bushi zikilika, ekseli inahama na shafti inakaa upande. Kwenye trekta nyingi kuna skrubu ya kukaza mchezo wa mbele na nyuma; ukaze kwa kipimo cha kitabu, maana ikikazwa mno ekseli haiyumbi tena na kwenye tuta tairi moja litaning'inia.

Fowili inayoruka yenyewe unapovuta mzigo ni kesi nyingine. Rekebisha kwanza urefu wa fito ya lever, kwa sababu meno yasipoingia mpaka mwisho yanashikana kwa ncha tu. Ukisharekebisha na bado inaruka, meno yameviringika na gia boksi itabidi ifunguliwe. Trekta ya namna hiyo ningeinunua kwa bei ya trekta isiyo na fowili, au nisingeinunua.

Mwisho fungua bolti ya kumwagia oili ya ekseli ya mbele na upokee kiasi kidogo kwenye chombo cheupe. Rangi ya chai ya maziwa maana yake maji yameingia kupitia sili. Vumbi laini la chuma ni la kawaida kwa umri wa mashine, vipande vyenye ncha ni meno yaliyokatika. Ukiinunua, mwaga yote, badilisha sili zilizovuja, weka oili ya gia 80W-90 au ile ambayo mtengenezaji ameiandika, jaza mpaka alama ya kijiti, tembeza nusu saa, subiri itulie, kisha pima tena, kwa kuwa oili huchukua muda kufika kwenye gia za pembeni karibu na matairi na kipimo cha kwanza karibu kila mara hushuka.