Nepi za kufua Mwanza: pamba hai, bitana ya flisi, au mraba wa bibi?

Kabla hujauliza bei ya nepi, jiulize maji kwako yanatoka siku gani. Mtoto wangu wa kwanza nilimlea Mabatini juu kabisa, kule nyumba zilikokalia mawe na ndoo inapanda kichwani. Nilijifunza mapema kwamba nepi inayonyonya mkojo vizuri ndiyo hiyo hiyo inayomaliza maji ya kusuuza, halafu inakaa kambani hadi kesho kutwa.

Mtoto mchanga hubadilishwa mara 10 hadi 12 kwa siku. Ukifua siku moja na kupumzika ya pili, andaa nepi kama 24. Zinaonekana nyingi mpaka upige hesabu ya pampasi: tuseme unanunua moja moja dukani kwa shilingi 500, na mtoto ameshakua kidogo anatumia 5 kwa siku. Hiyo ni 75,000 kwa mwezi, na yote inaishia jalalani.

Sasa, madukani na kwenye simu utakutana na majina mawili makubwa: pamba hai, yaani iliyolimwa bila sumu za viwandani, na nepi zenye bitana ya flisi, kile kitambaa cha manyoya mafupi kama cha blanketi za watoto. Watu huzilinganisha kana kwamba zinafanya kazi moja. Pamba hunyonya. Flisi ni poliesta, hainyonyi kitu. Inapitisha mkojo uende tabaka la chini, na ngozi ya mtoto inabaki kavu. Ukinunua flisi bila kitu cha kunyonya chini yake, umenunua chujio.

Ninayoiweka ya kwanza haiuzwi kwa jina lolote kubwa. Ni mraba wa bibi, kitambaa cha pamba ya kawaida, flana au taulo, na kipande cha flisi juu yake. Mraba ukikunjwa ni nepi nene, ukikunjuliwa ni tabaka moja tu linalopitisha upepo, ndiyo maana unakauka upesi kuliko nepi iliyoshonwa tabaka sita. Mtoto wa kiume mwongezee mkunjo mbele, wa kike katikati. Vipande vya flisi usivinunue vikiwa tayari. Shuka Mlango Mmoja, tafuta blanketi ya flisi ya mtumba isiyochakaa, ifue kwa maji ya moto, kata mistatili ya sentimita 12 kwa 30. Flisi haifumuki ukingoni, kwa hiyo huhitaji fundi. Blanketi moja inatoa vipande vya kutosha na vingine vya kumgawia jirani. Haja kubwa ikiingia, unakung'uta kipande chooni, na mraba wa chini umepona. Juu ya yote mvalishe chupi ya kuzuia maji.

Ya pili ni nepi ya mfuko: nje kitambaa kisichopitisha maji, ndani bitana ya flisi, katikati unachomeka pedi. Hii ninaipenda kwa usiku, kwa safari ya kivuko, na kwa masika ya Machi hadi Mei, maana ganda lake likining'inizwa ndani hukauka kwa saa chache wakati pamba bado inadondosha. Lakini ina masharti. Usiipake sabuni ya kulainisha nguo, na mafuta ya mgando tunayowapaka watoto huziba flisi mpaka mkojo unateleza na kutokea mapajani. Harufu pia huganda humo kuliko kwenye pamba. Pedi zinazoitwa za mkaa wa mianzi zisikubabaishe: nyingi ni poliesta yenye rangi ya kijivu. Na pedi za maikrofaiba zibaki ndani ya mfuko, zisiguse ngozi, kwa kuwa hunyonya hadi unyevu wa ngozi yenyewe.

Pamba hai ninaiweka ya tatu, na mama mkwe wangu wa Magu aliyelima pamba maisha yake yote hakufurahi kusikia hivyo. Sisi wa Kanda ya Ziwa pamba ni yetu. Wilayani Meatu, mkoa wa Simiyu, kampuni ya bioRe imekuwa ikifanya kazi na wakulima wa pamba hai tangu 1994; hupanda alizeti shambani kuvuta wadudu badala ya kupuliza sumu. Mkulima na udongo wake wananufaika kweli. Ila neno "hai" linaeleza habari za shamba. Halisemi nepi itanyonya kiasi gani, na pamba ya kawaida iliyofuliwa vizuri humfaa mtoto vilevile. Ukiamua kulipia, tafuta GOTS, alama ya kimataifa ya vitambaa vya kilimo hai, inayodai angalau asilimia 70 ya nyuzi ziwe za kilimo hai. Kisha usiivalishe siku hiyo hiyo: pamba isiyopaushwa ina nta ya asili, ifue mara nne au tano kwa maji ya moto kwanza. Mimi sikufanya hivyo. Mkojo uliteleza juu ya nepi ya bei mbaya kama maji kwenye jani la yungiyungi, na mama mkwe akacheka mpaka akakaa chini. Mtoto anayetoka wekundu akigusana na poliesta, hapo pamba tupu inapanda juu ya mfuko bila mjadala.

Kuna jambo moja linaloipa pamba ushindi ambalo wauzaji hawalisemi: pasi. Nepi mbichi ikianikwa kivulini au kutandazwa chini, yuko inzi anayetaga humo, na funza wake huingia kwenye ngozi ya mtoto na kutoa jipu. Pamba unaipiga pasi ya mkaa yenye moto hasa na mayai yanakufa. Flisi ukiifanyia hivyo inayeyuka, kwa hiyo ianike kambani juani, usiilaze juu ya jiwe au nyasi. Ziwani usifulie hata maji yakikatika wiki nzima. Ukisimama majini unajitafutia kichocho, na kinyesi kinachosuuzwa humo kinamwongezea jirani.

Ukiwa sokoni, mwombe muuzaji uzi mmoja na kiberiti. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu jepesi. Uzi ukijikunja na kuacha punje ngumu, huo ni poliesta, hata lebo iandike nini. Kisha nunua mbili tu za kila aina, zifue, zianike kwenye kamba yako mwenyewe, uone ipi inakauka kabla jua halijazama upande wa Bugando.