Mishale ya Gold Tip Hunter 340 kwenye upinde wa kompaundi: uzoefu wangu wa miezi minne, Dodoma

Habari zenu. Naandika hii kwa ajili ya mtu mwenye upinde wa kompaundi, ule wa kisasa wenye magurudumu kwenye ncha, anayejiona hana shabaha, maana na mimi nilikaa miezi miwili nikiamini mkono wangu ndo mbovu, kumbe mishale haikuwa ya upinde ule.

Upinde aliniletea shemeji yangu anayefanya kazi Afrika Kusini. Kule wanawinda kwa upinde kwenye mashamba ya watu binafsi kwa vibali, na tumepanga mwakani twende wote, ndo maana nahangaika na mishale ya kuwindia. Hapa nyumbani Nala mi nalenga viroba tu, kuwinda bila leseni ni kosa na siligusi hilo kabisa. Viroba vyenyewe nimevishindilia matambara mpaka vimekuwa vigumu kama gogo, mshale unasimama vizuri na unachomoka bila kuvunja mtu kiuno.

Nguvu ya kuvuta nimeiweka paundi 65. Mishale ya kwanza niliinunua ikiwa imeshatumika, spaini 500, yaani namba ya ugumu wa mshale, aliyeniuzia akaniambia mshale ni mshale tu, tofauti ni rangi ya manyoya. Aisee. Mita 20 tu mmoja unaingia kwenye kiroba, unaofuata uko kwenye miba ya uzio, na ukiangalia vizuri unauona mshale unaenda huku mkia unacheza kushoto kulia. Nikabadilisha namna ya kusimama, nikabadilisha rilizi (kifaa cha kuachilia ugwe), nikahamisha saiti (ya kulengea) karibu kila siku, wapi.

Aliyenifungua macho ni babu mmoja jirani, Msandawe wa kule Kwa Mtoro. Alinikuta nachomoa mishale, nikamwamkia, shikamoo babu, marahaba mjukuu wangu, akaomba auone mmoja. Akafumba jicho moja akauangalia kwa urefu kama mtu anayechungulia kwenye bomba, akauweka ncha kwenye kiganja akauzungusha, halafu akashika ncha na mkia akaupinda taratibu. Akasema, "Upinde wako una nguvu, mti huu laini. Ukiachia unajikunja." Akanisimulia walivyokuwa wanapasha miti ya mishale kwenye moto wanainyoosha kidogo kidogo, na mshale wa upinde wa mkubwa mtoto hapewi. Hajawahi kushika kompaundi maisha yake yote na jibu alilipata kwa dakika mbili!

Hiyo ndo spaini yenyewe. Wanapima hivi, mti wa mshale unalazwa kwenye vishikizo viwili vilivyoachana inchi 28, katikati unaning'inizwa uzito wa gramu 880 hivi, wanaangalia umebonyea kiasi gani. Wa 500 unabonyea nusu inchi, kama milimita 12.7, wa 340 ni milimita 8.6 hivi. Kwa hiyo namba ikiwa ndogo mshale ni mgumu zaidi, na hapo ndo wengi wanakosea wakinunua. Alafu urefu na chembe, yaani ncha ya mbele, navyo vinaingia humo humo, mshale mrefu au wenye chembe nzito unapinda zaidi ukiachia, ukiukata mfupi unakuwa mgumu.

Shemeji akaniletea sita za kaboni za kampuni ya Gold Tip, aina ya Hunter spaini 340, zinakuja na inchi 32. Zangu nilitaka 28 na nusu. Nikaenda kwa fundi wa madirisha ya aluminiamu, akataka kutumia msumeno wa mkono nikamkatalia, nyuzi za kaboni zinachanuka, tukatumia mashine ya diski tukiwa tumefunga barakoa maana vumbi lile si la kuvuta. Nikabandika manyoya, chembe greni 125 (kama gramu 8), nikapeleka kwa sonara pale mjini anipimie, zote zikawa kati ya gramu 27.1 na 27.4, yaani kama greni 420. Kwa mishale ya bei hii nimeridhika kabisa. Ziko za kampuni hiyo hiyo zilizonyooka zaidi na bei yake imepanda, ila kwa umbali wangu sioni sababu.

Sasa kazi ya karatasi, unapiga mshale upite kwenye karatasi uone tundu linaonyesha unarukaje. Nilichukua boksi nikatoa matako yote mawili, nikawamba karatasi ya kufungashia, nikasimama kama mita mbili nikapiga. Mshale wa kwanza ulichana, ncha imepita chini na mkia umepita juu yake karibu sentimita mbili. Maana yake mkia uko juu, nikashusha kile kitanzi cha kwenye ugwe, pale mkia wa mshale unapokaa, milimita moja na nusu, nikapiga tena, nikashusha tena kidogo. Resti, kile kinachobeba mshale kwenye upinde, naisogeza chini ya milimita moja kwa mara moja, sio kuikurupukia. Siku ya tatu nikapata tundu moja safi na alama tatu za manyoya pembeni, nilimwita mke wangu aje aone karatasi. Mshale mmoja uligoma, nikazungusha noki yake (kile kipande cha mkiani kinachoshika ugwe) robo mzunguko ukatulia, na hilo ni la kawaida kwa kaboni.

Nikajaribu na mshale mtupu usio na manyoya mita 18, ukaanguka chini ya wenzake, nikashusha kitanzi mara ya mwisho. Mtihani mkubwa ulikuwa chembe za kuwindia zenye makali matatu, greni 125 hizo hizo, maana makali yanashika upepo na kosa dogo linaonekana hapo. Nililenga vipande vya godoro nilivyobana kwa kamba na lundo la mchanga nyuma, mita 30, zikaenda sentimita 12 kushoto ya zile za mazoezi. Nikasogeza resti kulia kama nusu milimita, zikakutana. Fanyeni asubuhi mapema, upepo wa Dodoma mwezi wa nane ukianza saa nne huwezi kujua kosa ni la mshale au la upepo.

Na tafadhali, kila kabla ya kupiga pinda mshale usikilize. Wangu mmoja uligongwa na mwenzake, kwa macho mzima, nikaupinda ukatoa mlio mdogo kama kijiti kikavu, nikauvunja palepale. Kaboni ikipasuka kwenye upinde inaingia mkononi.

Imebaki mitano, nimeshamwagiza shemeji mingine sita, 340 hizo hizo. Ile ya 500 niliipinda mmoja mmoja, ilikuwa mizima yote, nikampa kijana wa jirani mwenye upinde wa paundi 40, kwake inaruka imenyooka kabisa.