Fundi wa laptopu Mwembe Tayari: 500 tu, na IP yangu sasa naitafuta mwenyewe

Nyota nne kwa tano, na hiyo moja niliyomnyima ntawaambia kwa nini. Kibanda chake kiko Mwembe Tayari hapa Mombasa, ukishayapita mabasi ya bara uingie kwa wauza makava ya simu, hakina bango wala nini, uliza tu fundi wa laptopu utaonyeshwa.

Mie nina duka la fotokopi Majengo. Nilinunua printa ile kubwa ya kuskani, unaweka karatasi inakwenda yenyewe hadi kwenye laptopu, lakini ili iende lazima uiandikie printa IP ya hiyo laptopu, yaani namba yake kwenye mtandao. Sasa mie IP ntaitoa wapi? Nikaita fundi mmoja wa mjini (simtaji), akaja, dakika tano hazikufika akatoa namba, 192.168.1.7, akaitia kwenye printa, akaiandika kwa kikaratasi akakibandika na selotepu juu ya laptopu, akadai 1,500. Nikatoa. Siku tatu mambo sawa, ya nne stima zikapotea usiku, asubuhi nawasha skani haifiki. Nampigia ananambia ni kuitafuta upya, 1,500 nyingine. Kile kikaratasi kikabaki pale juu kama hirizi na hakizuii kitu.

Ndo nikaelekezwa kwa huyu wa Mwembe Tayari. Kijana mdogo, mwanzo nilidhani ndo anayetumwa chai. Akaniuliza, "Anti, hii namba wajua kuitafuta mwenyewe?" Nikamwambia ningeijua ningekuja kukaa kwa joto hili? Akacheka, akanigeuzia laptopu nifanye kwa mkono wangu: bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, Enta, kikija kile kidirisha cheusi andika ipconfig, Enta tena, halafu tafuta mstari ulioandikwa IPv4 Address. Kwisha. Wallahi nilinyamaza kidogo nikaipigia hesabu ile 1,500. Kwa laptopu ya mwanangu ya Linux akasema ni ip addr, na kwa simu unaingia setingi za waifai unabonyeza mtandao uliojiunga nao, iko hapo.

Lakini namba niliyoiona pale ilikuwa 10.0.0.14, sio 7 ya kikaratasi wala hata haifanani nayo. Nikajua basi kompyuta imeharibika. Akanambia la, hapa uko kwa waifai yangu, raota yangu, kile kiboksi cha waifai, ndo imekupa hiyo, ukirudi Majengo raota yako itakupa ingine. Kumbe namba si ya laptopu, raota inaiazima tu! Na raota ikizima ikawaka yaweza kuigawa upya, wa kwanza kuamka achukue yake, ndo manake usiku ule stima zilipopotea laptopu ikaamka na 12 na printa inaendelea kuipelekea 7 ambayo hakuna mtu.

Nikamuuliza tena, mbona binti yangu alipoitafuta kwenye gugo ikaja namba ingine kabisa? Hapo alinipa mfano mpaka leo nautumia kwa wateja. Chukulia nyumba yetu ya Kiswahili, ukumbi kati, vyumba huku na huku. Mtu wa barabarani ajua nyumba tu, hajui vyumba, na chumba cha tatu kiko kwenu na kiko kwa jirani na hamgombani. Basi hizi za 192.168, na za 10 kama ile ya kwake, ni namba za vyumba, nyumba yoyote yaweza kuwa nazo, na ile ya gugo ndo mlango wa nje, hiyo hutoka kwa kampuni ya intaneti. Ati namba za aina hii ya IPv4 zote duniani ni kama bilioni 4.3 na vyombo vimezidi, ndo maana nyumba nzima hupewa mlango mmoja. Na ukiona namba imeanza na 169.254 usikimbilie fundi, laptopu imekosa wa kuipa namba ikajipachika yake, angalia kwanza waya na raota.

Alasiri akaja dukani mwenyewe, akaingia kwenye raota akaifungia laptopu yangu namba moja, 192.168.1.50, akisha akaiandika hiyo kwenye printa. Akakuta paswadi ya raota bado ile ya kiwandani, akanambia nibadilishe na akageuka upande wa pili nikiandika. Hilo lilinipendeza kuliko yote, manake wengine huitaka waiandike kwa daftari lao. Malipo 500 na 100 ya tuktuk.

Sasa ile nyota. Alinambia dakika kumi nikakaa saa nzima, simu tatu kapokea katikati ya maelezo, kiti ni kimoja na feni inampulizia yeye. Risiti hana, nimeomba akaniandikia kwa mgongo wa boksi la chaja, na mie hesabu za duka nataka karatasi bana. Na anasema haraka sana, ikabidi nimrudishe nyuma mara mbili tatu.

Mwezi wa pili huu, stima zimepotea hata sihesabu tena, asubuhi naandika ipconfig kwa ushamba tu na 50 iko palepale. Mkienda nendeni asubuhi kabla jua halijapanda, bebeni chenji, na Ijumaa msijisumbue mpaka watu watoke msikitini.