The Texas Chain Saw Massacre (1974): uzoefu wangu, na namna ya kuitazama isiharibike

Nyota nne na nusu kati ya tano. Nusu nimeibana kwa sababu ya mhusika mmoja, Franklin, nitaeleza mbele. Anayetaka filamu ya muuaji kwenye nyumba ya shamba iliyojitenga, ile iliyopigwa kwa hela ya kuungaunga, aanzie hapa, maana nyingi zilizofuata zimechota humu humu. Ila kuna njia mbili za kuiharibu: kuitazama kwenye nakala mbovu, na kukaa ukiisubiri imwage damu. Damu ni kidogo mno. Wanaolalamika kwamba haitishi, wengi walikuwa wanasubiri utumbo.

Kisa chenyewe ni kifupi. Ni Agosti 1973, vijana watano wako ndani ya Ford ya kijani wakikatiza vijiji vya Texas, wanakwenda kuangalia kama kaburi la babu yao limeguswa, baada ya redio kutangaza kwamba kuna watu wanafukua makaburi. Njiani wanampa lifti mtu asiye na akili timamu. Sheli haina mafuta. Wanakwenda kupumzika kwenye nyumba ya zamani ya familia, na kutoka huko wanasikia jenereta ikinguruma kwa jirani. Penye jenereta hapakosi petroli, kwa hiyo wawili wao, Kirk na Pam, wanakwenda kuomba. Mengine yote yanaanzia kwenye hilo ombi la petroli, na sijui filamu ya kutisha yenye sababu ya kawaida kuliko hii ya kumpeleka mtu mlangoni kwa muuaji.

Tazama jinsi Kirk anavyouawa, ni nusu saa na ushee tangu filamu ianze. Anabisha hodi, kimya. Mlango hauna komeo. Mwisho wa korido kuna ukuta mwekundu uliopangwa mafuvu ya wanyama. Anasogea, anajikwaa, na hapo hapo jitu lenye barakoa ya ngozi linajaa mlangoni na kushusha nyundo. Pigo moja. Miguu inatapatapa sakafuni. Pigo jingine, anaburutwa ndani, mlango wa chuma unavutwa na kufungwa kwa kishindo. Kwisha. Muziki wa kukutayarisha haupo, na kamera haikimbilii uso wa mtu. Imesimama mbali, inaangalia tu. Sasa rudi nyuma kwenye ile sehemu ya garini ambapo Franklin anaeleza jinsi ng'ombe walivyokuwa wakiuawa kwa nyundo machinjioni, na kwamba mara nyingine pigo la kwanza halikutosha. Uliona ni porojo za safarini, kumbe ulikuwa unaelezwa utaratibu wa kazi.

Dakika chache baadaye Pam anainuka kwenye bembea kumfuata. Kamera iko chini kabisa, inapita chini ya bembea na kumfuata mgongoni, na kadiri anavyotembea ndivyo nyumba inavyopanda hadi inafunika mbingu. Mpiga picha ni Daniel Pearl, na shoti hiyo moja inatosha kukuonyesha kwamba bajeti ndogo haikumaanisha watu wasiojua kazi. Ndani, Pam anaanguka kwenye chumba kilichojaa manyoya na mifupa, kuku mzima amebanwa kwenye kitundu kidogo cha ndege kinachoning'inia. Halafu anatundikwa kwenye kulabu ya nyama. Watu wengi huapa kwamba waliiona kulabu ikimwingia. Haionekani popote. Unaona anainuliwa, unaona uso wake, unaona beseni limewekwa chini yake. Mwigizaji alikuwa ameshikiliwa na mikanda iliyofichwa ndani ya nguo. Beseni ndilo lililofanya kazi yote. Mwongozaji Tobe Hooper alipunguza damu akitumaini kupewa cheti chepesi cha PG, kinachoruhusu watoto kwa ushauri wa wazazi. Wakaguzi wa Marekani wakampa R, ambacho ni kikali zaidi, na Uingereza ikakataa kuipa cheti kabisa mwaka 1975, hadi 1999 ilipopitishwa bila kukatwa hata sekunde. Wakaguzi wa Uingereza hawakuwa na kitu cha kukata: kinachosumbua ni hali nzima, na hali haikatwi kwa mkasi.

Hiyo hali imetoka wapi? Kwa sehemu kubwa imetokana na umaskini wa mradi. Bajeti inatajwa kati ya dola 80,000 na 140,000, kutegemea ni nani anayehesabu. Walipiga kwa filamu ya milimita 16, kisha ikakuzwa kuwa milimita 35 kwa ajili ya majumba ya sinema, na ndiyo maana picha ina chembechembe nyingi. Mkanda wenyewe wa kupigia ulikuwa wa aina inayohitaji mwanga mwingi, hivyo ndani ya nyumba zilihitajika taa nyingi zenye joto kali. Weka juu yake Texas ya Julai na Agosti 1973, joto likigusa nyuzi 40 na kupita. Robert Burns, aliyesimamia sanaa, alijaza vyumba kwa mifupa na mabaki ya wanyama halisi, na mabaki hayo yakaoza chini ya taa. Gunnar Hansen, anayecheza Leatherface, yaani lile jitu la barakoa ya ngozi, alikuwa na shati moja lililotiwa rangi, na halikufuliwa kwa kuogopa rangi itoke. Jasho unaloona halikupakwa.

Sehemu ya mezani, karibu na mwisho, pale familia ya wauaji inapomketisha Sally, kijana aliyebaki, ndipo haya yote yanapokutana. Anayecheza babu wa familia hiyo ni John Dugan, kijana wa miaka ishirini hivi, na vipodozi vya uzee vilichukua saa nyingi kubandikwa. Hakutaka kurudia zoezi hilo, basi wakaamua kumaliza sehemu zote za babu kwa mkupuo: saa 26 hivi, madirisha yamezibwa ili mchana uonekane usiku, nyama mezani inanuka, watu wanatoka nje kutapika. Pale Sally anapochanjwa kidole ili babu anyonye damu, kisu kilipaswa kutoa damu bandia kwa mrija mdogo. Mrija ukawa unaziba kila mara, na Hansen, kwa maelezo yake mwenyewe, akachoka na kumchanja kweli Marilyn Burns, anayecheza Sally. Kama kazi sikubaliani nayo hata kidogo, na filamu isingepungua chochote bila tone hilo. Msumeno nao ulikuwa halisi. Pale unapomwangukia Leatherface pajani, chini ya suruali palifungwa bamba la chuma, juu yake nyama ya bucha na mfuko wa damu.

Ambacho sifa za filamu hii husahau ni kwamba inachekesha, tena kwa makusudi. Mzee wa sheli, ambaye kumbe naye ni wa familia ile, akishamfunga Sally na kumtia kwenye gunia, anakumbuka kwamba ameacha taa zinawaka, anarudi kuzima huku akilalamikia bili ya umeme. Akifika nyumbani, maiti hazimsumbui. Kinachomtoa povu ni mlango uliokatwa kwa msumeno. Na Leatherface, baada ya kumuua kijana wa tatu, anazunguka madirishani, kisha anakaa na kushika kichwa. Kila muda anaingia mtu nyumbani mwake, hajui wanatoka wapi wala wamebaki wangapi. Yule ni mtu aliyeingiwa na hofu, na barakoa haikuzuii kuiona.

Kasoro zipo. Franklin, kaka wa Sally aliye kwenye kiti cha magurudumu, analalama na kubinua midomo kwa muda mrefu kuliko hadithi inavyohitaji. Najua imekusudiwa akuchoshe ili wenzake wakimkwepa uwaelewe, ila robo saa ya kwanza ilishafikisha ujumbe. Kukimbizana vichakani usiku nako kunajirudia: tawi, kelele, msumeno, tawi. Wale vijana wengine hawana cha kukumbukwa zaidi ya nguo zao. Na yale maandishi ya mwanzo yanayodokeza kwamba ni tukio la kweli ni mbinu ya biashara. Kilichochukuliwa kwenye maisha ni Ed Gein wa Plainfield, jimbo la Wisconsin, aliyekamatwa mwaka 1957 baada ya polisi kukuta vitu vya ngozi na mifupa ya binadamu nyumbani kwake shambani. Texas haimo, familia ya wauaji haimo, msumeno haumo.

Sasa namna ya kuitazama. Tafuta nakala iliyosafishwa mwaka 2014 kwa 4K, kazi aliyoisimamia Hooper mwenyewe. Nakala zilizotokana na kanda za VHS zina matatizo mawili: usiku unakuwa tope jeusi, na rangi ya machungwa ya jua, ambayo ndiyo inayobeba joto la filamu, inafifia kuwa kijivu. Picha sahihi ina umbo la 1.85 kwa 1, yaani kwenye runinga ya kawaida utaona vipande vyembamba sana vyeusi juu na chini. Ukiona mraba, umepewa nakala ya zamani.

Kwenye runinga, zima kile kinacholainisha mwendo. Samsung wanaweka Auto Motion Plus au Picture Clarity, LG ni TruMotion, Sony ni Motionflow. Kikibaki kimewashwa, Sally anakimbia kama mtangazaji wa habari aliyechelewa studio. Zima pia kipunguza chembechembe, kwa sababu runinga hudhani chembe za filamu ya milimita 16 ni uchafu, inazifuta, na nyuso zinabaki kama nta. Ukali wa picha ushushe. Kama runinga yako ina Filmmaker Mode, iwashe, itakufanyia mengi ya haya kwa mpigo mmoja.

Sauti ndiyo nusu ya filamu, na watu wengi huipuuza. Hooper na Wayne Bell hawakuandika muziki wa kuimbika. Waligonga vyuma, wakakwaruza, wakavuta sauti kwenye vitu ambavyo si vyombo vya muziki, kisha wakavichanganya na jenereta na msumeno hadi hujui kipi kinatoka ndani ya hadithi na kipi kimewekwa juu. Filamu ilitoka na sauti ya mono. Diski za marekebisho zina pia mchanganyiko mpya wa spika nyingi, ambao ni safi lakini unaupeleka msumeno kona za chumba na kukukumbusha kwamba una spika nzuri. Mimi huchagua mono: kelele zote zinakujia kutoka sehemu moja, na hakuna pa kuzikwepa. Zima hali ya usiku au usawazishaji wa sauti, maana vinashusha kishindo cha mlango wa chuma hadi kilingane na maongezi. Usipandishe sauti kwa sababu mwanzo ni mnong'ono. Pima kwa ile mingurumo ya jenereta, ikisikika vizuri basi umefika. Nakala zilizotafsiriwa na madijei ziachie filamu nyingine. Kwenye za mapigano zinanoga, humu dijei anaongea juu ya kitu kile kile kinachokutisha.

Haifai kwa watoto, hilo halina mjadala. Mtu mzima asiyevumilia kelele pia afikirie, kwa sababu nusu saa ya mwisho ni mwanamke anayepiga mayowe karibu mfululizo. Mwanzoni kuna miale ya kamera ikimulika vipande vya maiti gizani, na kuna ng'ombe halisi wakihema machinjioni.

Unapoinunua au kuikodi mtandaoni angalia jina kwa makini: ya 1974 huandikwa Chain Saw, maneno mawili, wakati filamu za baadaye zenye jina hilo, ya 2003 na ya 2022, huandikwa Chainsaw, neno moja. Usitegemee urefu wa dakika, maana ya 2022 nayo ni fupi vivyo hivyo. Ukiangukia ya 2003 kwa bahati mbaya, mpiga picha ni yule yule Daniel Pearl, safari hii akiwa na pesa, na kila fremu ni nzuri kiasi kwamba huwezi kuamini kuna kitu kinanuka mle ndani.