Redio ya mzee imebaki palepale: uzoefu wangu wa kuboresha muziki kwenye Mark II GX100

Gari ni Toyota Mark II GX100 ya mwaka 1998. Marehemu baba alilinunua likiwa limetoka Japani, akaliendesha Dar es Salaam mpaka mwisho wa maisha yake, na sasa ninaliendesha mimi. Ndani halijaguswa: viti vya kitambaa laini cha kijivu, urembo wa rangi ya mbao, na katikati ya dashibodi redio ya kaseti na CD iliyokuja nalo. Ukiwasha taa usiku, redio, saa na vitufe vya AC vinawaka kijani kimoja. Redio hiyo baba aliigusa kila asubuhi, na kitufe cha sauti kimechakaa upande mmoja, pale kidole gumba chake kilipokuwa kinapita. Niliamua mapema kwamba haitoki.

Lakini muziki ulikuwa umekufa. Besi hakuna kabisa, sauti ya mwimbaji inakwaruza, na ukipandisha kidogo ili usikie ukiwa Barabara ya Morogoro madirisha wazi, mlango wa dereva unatetemeka kama debe. Napenda muziki wa dansi wa zamani na taarabu. Ukiwa huisikii besi ya gitaa, na ngoma zinasikika kama mtu anagonga meza chumba cha pili, huna unachosikiliza.

Fundi wa kwanza niliyemwendea hakuchukua hata dakika moja. Aliingia, akaitazama redio, akasema, "Dada, hii tunatoa. Tunaweka Android ya inchi 10, tunakata hapa na hapa, inakaa vizuri kabisa." Kidole chake kilikuwa kinapita juu ya plastiki ya matundu ya AC. Nikamwambia, "Fundi, dashibodi haikatwi." Akaniangalia kwa huruma. Tukakubaliana abadilishe spika za mbele tu na kuziba mlango usitetemeke. Kwa siku chache nilifurahi. Halafu likaja jua la Januari. Alichobandika ndani ya mlango kilikuwa utepe wa lami ule wa kuzibia paa la bati. Gari likiegeshwa juani mchana kutwa, ndani kunanuka kama barabara mpya, na utepe wenyewe ukaanza kuteleza taratibu kuelekea chini. Nilipofungua paneli ya mlango nilikuta umejikunja juu ya mota ya kioo, umeacha michirizi myeusi njia nzima. Kuusafisha kwa mafuta ya taa na matambara kulinichukua Jumamosi nzima.

Hiyo Jumamosi ndiyo iliyonifundisha zaidi ya yote, kwa sababu kwa mara ya kwanza niliuona mlango kwa ndani. Ukitoa paneli unakuta bati lenye matundu makubwa, moja karibu linaingia kichwa cha mtoto, yamefunikwa kwa nailoni nyembamba tu. Spika inapopiga, inasukuma hewa mbele na kuivuta nyuma kwa wakati mmoja. Hewa ya nyuma ikipata njia ya kupita kwenye yale matundu, inakutana na ya mbele na kuiua, na kinachouawa kwanza ni besi. Kwa hiyo hata ungeweka spika ya bei mbaya, kwenye mlango ulio wazi namna ile besi haitoki. Na zile spika za kiwandani nilizokuwa nimeziweka stoo nikazitoa nizitazame vizuri. Povu la duara linaloshika karatasi ya spika lilikuwa limeoza. Nililigusa kwa kucha likabomoka kama mkate mkavu. Zaidi ya miaka ishirini ya joto na unyevu wa pwani, sina cha kuzilaumu.

Basi wakati watu wote wanaitolea macho redio, ugonjwa ulikuwa mlangoni.

Mara ya pili nilienda kwa mzee mmoja aliyekuwa anafunga redio za magari tangu enzi za kaseti. Nilimwamkia, nikamweleza masharti yangu: hakuna kukata waya wa gari, hakuna kutoboa plastiki, hakuna kitu kipya kinachoonekana mtu akifungua mlango. Akauliza swali moja tu: "Mwanangu, unataka usikie wewe, au wasikie walioko nje?" Nikamjibu nisikie mimi. Akasema hapo tutaelewana.

Tulianza na milango ya mbele. Safari hii tulitumia shiti za mpira wa butili zenye karatasi ya alumini juu, ambazo haziyeyuki kwa joto la ndani ya gari. Kipande kimoja kinabandikwa kwenye bati la nje kupitia matundu, kingine kinaziba matundu yenyewe, na nailoni inarudishwa mahali pake kwa sababu kazi yake ni kuzuia maji ya mvua yasiingie kwenye paneli. Chini ya mlango kuna vitundu vya kutolea maji. Vitundu hivyo usivizibe kamwe, mlango utaoza. Jambo dogo ambalo lingetukwamisha ni klipu za paneli. Plastiki ya umri huo inakatika ukiivuta tu, na kwenye mlango mmoja tulivunja tano. Bahati nzuri nilikuwa nimenunua pakiti nzima mtaa wa Gerezani kabla ya siku ya kazi.

Kabla hata ya kuweka spika mpya, mzee aliniambia nifunge mlango. Ule mlio wa debe ulikuwa umeondoka. Ulifunga kwa sauti nzito na fupi, nikaufungua na kuufunga tena mara tatu.

Spika nilizochagua ni za inchi sita na nusu zenye twita, yaani kispika kidogo cha sauti nyembamba, katikati. Ningependa zile ambazo twita inakaa peke yake juu karibu na kioo, maana zinaleta sauti ya mwimbaji usawa wa macho, lakini zinahitaji kutobolewa mahali, na hilo lilikuwa nje ya masharti. Spika za kiwandani za Toyota huwa zimeumbwa pamoja na fremu yake ya plastiki, kwa hiyo spika ya dukani haikai moja kwa moja. Kuna ringi za kuunganishia zinazotumia matundu yaleyale ya skrubu. Nunua ringi, usikubali fundi apige skrubu mpya kwenye bati.

Kitu ambacho ndicho hasa nataka kukisifia ni amplifaya ndogo yenye DSP, yaani kompyuta ya kupanga sauti, ndani yake. Ukubwa wake ni kama kitabu chembamba, na imekaa nyuma ya kidroo cha abiria, haionekani. Nyuma ya redio za Toyota za miaka ile kuna plagi mbili, moja ya pini 10 na nyingine ya pini 6. Kuna waya maalumu zinazoingia katikati: upande mmoja unachomekwa kwenye redio, upande wa pili kwenye waya za gari, na amplifaya inakaa kati yao. Hakuna waya uliokatwa. Siku nikitaka kuirudisha gari ilivyotoka kiwandani, nachomoa plagi na kuchomeka tena.

Kwa nini amplifaya wakati redio inapiga? Redio ya kawaida inatumia umeme wa gari kama ulivyo, volti 14 hivi injini ikiwa inanguruma. Kwa spika ya omu 4, kihesabu haivuki wati 26 kwa kila spika, na sauti safi inaishia kwenye 15 hadi 20. Ukipita hapo inaanza kukwaruza, na huko kukwaruza ndiko kunakounguza twita. Lakini usihadaike na maandishi ya kwenye boksi. Dukani nilionyeshwa amplifaya iliyoandikwa wati 2,000, nikaigeuza nitazame fyuzi: ampea 15. Kumi na tano mara 14 ni 210. Haiwezi kutoa kingi kuliko inachokula. Tafuta maandishi ya RMS, yaani nguvu halisi inayotoka mfululizo, yasipokuwepo rudisha boksi kwenye rafu.

Ndani ya DSP kuna Bluetooth. Nikiwasha muziki kwenye simu, unaenda moja kwa moja kwenye amplifaya, nikiuzima, redio inarudi. Redio yenyewe bado ni ya Kijapani, inakamata FM ya 76 hadi 90 tu, na kile kidude cha kuongeza bendi alichofunga baba bado kipo, kwa hiyo namba inayoonekana kwenye kioo hailingani na ya stesheni. Nimezoea. Namba zake nimezikariri kama alivyokuwa amezikariri yeye.

Halafu ikaja ile saa ambayo sitaisahau. Mzee alichukua futi ya kupimia, akaniambia nikae kwenye kiti kama ninaendesha. Akapima kutoka sikio langu hadi spika ya mlango wa kulia: sentimita 90. Kwenda ya kushoto: 135. Sauti inasafiri kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo ile ya kushoto inachelewa kunifikia kwa milisekunde 1.3 hivi. Ni kidogo mno kusikika kama mwangwi, lakini sikio linadanganyika na kuuvuta muziki wote upande wa mlango wa dereva. Kupitia programu kwenye simu akaichelewesha spika ya kulia kwa kiasi hichohicho. Aliposhika kitufe akasema, "Sikiliza." Mwimbaji alihama. Alitoka miguuni pangu upande wa kulia akaja kusimama katikati, juu ya dashibodi, kama yuko mbele ya kioo. Gitaa moja likabaki kushoto, jingine kulia. Nilikuwa nimesikiliza muziki ndani ya gari hili tangu nikiwa msichana, na sikuwahi kujua magitaa yalikuwa mawili.

Sabufa niliyoweka ni ile bapa yenye amplifaya yake, iko chini ya kiti cha abiria wa mbele, imeshikwa na utepe wa kunata kwenye kapeti bila skrubu hata moja. Imepangwa ipige sauti nzito tu, zile za chini ya hezi 80, na spika za milangoni zipige juu ya hapo, ndiyo maana hazihangaiki tena. Haitingishi vioo vya jirani. Kwa besi ya gitaa inatosha kabisa, kwa mtu wa Bongo Fleva na singeli pengine ataiona ndogo. Umeme wake hautoki kwenye tundu la sigara. Umetoka kwenye betri kwa waya wake wenyewe, unapita kwenye mpira uliokuwepo wa waya za injini, na fyuzi iko karibu na betri, siyo mwisho wa waya. Waya ukichunika njiani bila fyuzi pale mwanzo, gari linaweza kushika moto.

Siku ya pili ukatokea mluzi uliokuwa unapanda na kushuka na injini. Mzee hakuhangaika na amplifaya, alienda kwenye ethi, yaani waya hasi unaofungwa kwenye bati la gari. Boliti ya kiti aliyofungia ilikuwa imekaa juu ya rangi. Alikwangua chini ya kapeti mpaka bati likang'aa, akaifunga upya, mluzi ukakata.

Gharama yangu yote, pamoja na ufundi wa 150,000, ilifika shilingi 1,205,000. Amplifaya ya DSP ilikula 380,000, sabufa 350,000, spika 160,000, shiti za butili 120,000, waya za plagi pamoja na ringi 45,000. Kama huna zote kwa mkupuo, anza na spika na shiti za milango, halafu DSP. Sabufa ije mwisho.

Yasiyonifurahisha yapo. Amplifaya haina maiki, kwa hiyo simu ikipigwa naona jina tu na siwezi kuongea. Redio ikiwa inapiga kwa sauti ya chini kuna mvumo mdogo wa "shhh" ambao zamani ulifichwa na spika mbovu. Na sabufa chini ya kiti inanitia wasiwasi wakati wa masika. Mimi ninayepita bonde la Jangwani najua maji yanavyopanda. Mvua ikizidi naichomoa na kuiweka juu ya kiti, kazi ya dakika mbili. Anayeishi kwenye maeneo ya mafuriko aiweke ndani ya buti, juu kidogo ya sakafu.

Spika za nyuma sijazigusa, nimezizima tu kwenye DSP. Mama akipanda hukaa nyuma, na juzi tulipokuwa tunatoka Bagamoyo aliniuliza kama redio nimeibadilisha. Nikamwambia atazame mwenyewe. Akainama mbele kati ya viti, akaitazama muda mrefu, akanyoosha mkono na kukigusa kile kitufe kilichochakaa.