Mashine ya presha ya nyumbani: nyota nne, ya tano imeponzwa na mdomo wake

Nilinunua hii mashine mwezi wa pili, ile ya kufunga juu ya kiwiko, kwenye duka la vifaa vya hospitali hapa Kampala. Walianzia 180,000 tukavutana mpaka 135,000. Jina lake silitaji maana huko chini nitaisema vibaya na sitaki maneno na mtu.

Betri nne zimekaa miezi mitatu, namba ni kubwa hata bila miwani naona, na inatunza vipimo vya nyuma. Wakikuonyesha ile ya kifundo cha mkono kwa sababu ni ndogo na nzuri, waachie, ukiinyoosha vibaya kidogo tu inakupa namba ya uongo. Alafu uangalie ukubwa wa mkanda. Mi nabeba mafurushi ya mivumba, yaani nguo za mitumba, kwenye soko la Owino miaka kumi na nne, mkono wangu si wa kitoto, mkanda wa kwanza ulinibana na mkanda mdogo huwa unapandisha namba wenyewe, nikaurudisha wakanibadilishia huku wamenuna.

Sasa kwa nini niliinunua. Kila nikienda kliniki natoka na 160 na kitu, naambiwa punguza chumvi, napunguza, narudi, 160 tena, mpaka nikawa naogopa ile korido yenyewe. Kijana wa dada yangu anayesomea uuguzi ndo akacheka akasema mama, kuna watu presha yao inamuogopa daktari. Eti Italia mwaka 1983 waliwafunga wagonjwa kipimo cha kukaa nacho muda wote, daktari akiingia chumbani tu namba zinaruka, akikaa kidogo zinaanza kushuka. Nikasema basi, nipime kwangu ambako hakuna koti jeupe.

Kwangu asubuhi ikawa 138 kwa 86. Na ujue nyumbani wanahesabu kuanzia 135 kwa 85 ndo presha, si 140 kwa 90 ya kliniki, kwa hiyo usishangilie mapema kama nilivyoshangilia mimi. Ninayo kweli, ila si ile ya kunizika kesho.

Ila kilichonifunza zaidi ni daftari. Kijana aliniambia niandike namba na pembeni niandike nilikuwa nafanya nini, nikaona ni ujinga lakini nikaandika. Wiki ya kufungua shule, ada ya watoto wawili haijatimia na wa mkopo anapiga simu: 164 kwa 99. Jumapili dada yangu alikuja kutoka Bombo tukakaa uani tunamenya njugu tunasema watu, masaa matatu mazima: 131 kwa 82. Chakula kilekile, chumvi ileile, kidonge kilekile! Siku nimegombana na jirani yangu wa kibanda, 158. Siku ya kikundi chetu cha nigiina, kile cha wanawake cha kuchangiana hela kwa zamu, 136, na hapo sikuwa hata mimi wa kupokea hela.

Mwili wenyewe ndo ulivyoumbwa, ukiona hatari unamwaga adrenalini, moyo unakimbia, mishipa inabana, ili upigane au ukimbie. Sasa deni utalikimbia uende wapi? Hatari haiishi, kotisoli, ile homoni ya mawazo, inabaki juu, usingizi hakuna, na asiyelala presha yake haipati nafasi ya kushuka usiku inavyotakiwa. Na mtu akiwa hivo ndo anaongeza waragi, ile pombe kali, na sigara, anasahau dawa. Mi nilikuwa nasahau kila nikiwa na mawazo, daftari limeniumbua.

Nilidhani haya mambo ni ya mabosi wenye majukumu makubwa. Kumbe London walianza mwaka 1967 kufuatilia wafanyakazi wa serikali, wanaume zaidi ya elfu 17, na waliokuwa wakifa zaidi kwa moyo ni wale wa chini, matarishi na wenzao. Sigara na mafuta vilieleza sehemu tu. Utafiti uliofuata ukagusa kitu ambacho mimi nakijua bila kusoma: kutokuwa na kauli juu ya siku yako mwenyewe. Furushi la mivumba likifunguliwa limejaa matambara utamlalamikia nani?

Msije mkaacha dawa lakini, naona watu wakisikia mawazo wanadhani ugonjwa ni wa kufikirika. Dawa namezaga kila asubuhi na zimeshusha. Maombi pia, kwa anayeamini, ila kidonge kwanza.

Matumizi: kojoa kwanza, kaa kimya dakika tano, mgongo uegemee, miguu chini usipandishe mmoja juu ya mwingine, mkono mezani usawa wa moyo, USIONGEE. Kuongea tu kunapandisha. Pima mara mbili. Na usipime kila nusu saa kama nilivyofanya wiki ya kwanza, nilikuwa napima kwa woga na woga unanipandishia, tukazunguka hivo mpaka dada akanifichia betri.

Haya, sasa mdomo. Mashine inaongea. Kwa Kiingereza, sauti ya mwanamke, kubwa, inatangaza namba zako alafu inasema presha iko juu, na nyumba zetu hizi ukuta ni kama karatasi, mtaa mzima walianza kuniuliza leo umeamkaje kwa sauti ya msiba. Kitufe cha kuzima sauti kipo ila maelezo ni ya Kichina, nimekipata juzi.

Ndo ilivyomleta landlodi. Alikuja kudai kodi, nimefunga mkanda, ikatangaza 161, akasimama mlangoni akauliza hiyo kitu inapima na wanaume? Nikamkalisha, tukanyamaza dakika tano zile, labda ndo mara ya kwanza tunakaa bila kugombana. 178 kwa 106. Nikampa chai, nikamwambia kesho asubuhi kliniki, akasema ana kesi ya shamba na ndugu zake huko Luwero na halali tangu Pasaka.

Sasa anakuja kila Jumamosi kupimwa. Kodi hajashusha hata shilingi, ila nimemwambia betri ni zake.