Uzoefu wangu na rsync: kuhamisha faili kutoka Windows kwenda Linux

Nilipohama Windows kwenda Linux, picha, video na nyaraka zangu zote za miaka mingi nilizihamisha kwa rsync. Ni programu ya bure iliyoanza 1996, na haina madirisha wala vitufe: unaandika amri kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri), basi. Kwa kasi ya nakala ya kwanza haipishani sana na kuburuta folda kwa kipanya. Nilichoipendea ni kwamba haikuachi gizani. Kebo ikicheza katikati ya kazi, unarudia amri ileile. Inalinganisha ukubwa na tarehe ya kila faili pande zote mbili, inaziruka zilizokwishafika na kuendelea na zilizobaki. Ukiongeza -n, inakuorodheshea itakachofanya bila kugusa kitu.

Amri niliyoitumia zaidi ni hii:

rsync -avP /mnt/zamani/Picha/ /home/mimi/Picha/

Hapo -a inanakili folda na vilivyomo pamoja na tarehe, mmiliki na ruhusa za faili, -v inataja kila faili, na -P inaonyesha maendeleo.

Tazama mkwaju (/) ulio mwishoni mwa njia ya kwanza. Ukiwepo, vinanakiliwa vilivyomo ndani ya folda. Ukiuondoa, inanakiliwa folda yenyewe, na utakuta Picha ndani ya Picha. Onyo hupewi. Najua sababu yake, lakini bado ni kero.

Diski yangu ya Windows ilikuwa na mfumo wa faili (namna ya kupanga faili kwenye diski) wa NTFS, na ya Linux ni ext4. Keneli (kiini) ya Linux tangu toleo 5.15 la 2021 inasoma na kuandika NTFS kwa dereva yake yenyewe, kwa hiyo nilichomeka diski ya zamani moja kwa moja, nikaifungua kwa kusoma tu, nikanakili. Sharti ni Windows iwe imezimwa kabisa. Ule mpangilio wa Windows wa kuwaka haraka (Fast Startup) huiacha diski kwenye hali ya nusu usingizi, na Linux ikiikuta hivyo huikataa au huifungua kwa kusoma tu. Uzime mpangilio huo kwanza, ndipo uzime kompyuta.

Asiye na njia hiyo atahitaji diski ya katikati, na hapo ndipo raha ya rsync inapopungua. Mfumo wa faili wa FAT32 uondoe kwenye hesabu: haipokei faili ya GB 4 au zaidi, na video moja ndefu inatosha kukukwamisha. Mwingine, exFAT, inaandikika kwenye Windows, macOS na Linux, ila haihifadhi mmiliki wala ruhusa za faili. Ukiitumia na -a, skrini inaweza kujaa malalamiko ya "Operation not permitted" mstari kwa mstari, hata kama faili zenyewe zinafika salama. Dawa ni kuandika -rtv (inayoacha mmiliki na ruhusa) badala ya -av, na kuongeza --modify-window=1 ili tofauti ndogo za muda zisiifanye inakili upya kila kitu.

Majina nayo yana vituko vyake. Kutoka Windows kwenda Linux sikupata shida yoyote. Kwenda upande wa pili, kwenye diski ya akiba ya exFAT, faili iliyoitwa "Kikao: Machi.odt" ilikataliwa kwa sababu ya nuktambili, alama ya kuuliza na nyota pia hazikubaliki huko. Linganisha vilevile herufi kubwa na ndogo: kwa Linux, Ripoti.odt na ripoti.odt ni faili mbili, kwa exFAT ni jina moja, na mojawapo itafutwa na mwenzake bila kelele.

Mwishoni nilirudia amri nikiwa nimeongeza -nc. Hapo rsync haiamini tena ukubwa na tarehe, inasoma yaliyomo kwenye kila faili pande zote mbili. Inachosha kusubiri, na kwa diski kubwa ya kuzunguka inachosha zaidi, lakini diski ya zamani sikuifomati mpaka ilipomaliza bila kutaja faili hata moja. Mwenye nyaraka chache kwenye flashi hana haja ya haya yote. Anakili na kubandika, aendelee na shughuli zake.